Alama Alizochora Bi Milimita

Kwenye karakana ile ya kushona sare za shule, watu wote walimwita Bi Milimita, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake haikuwa kushona. Ilikuwa kukata. Vitambaa vilitandazwa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, mpaka rundo likawa nene kama godoro la mtoto. Yeye alichora kwa chaki kwenye kitambaa cha juu kabisa, akashika mashine yenye wembe uliosimama, akaipitisha polepole juu ya mstari wake. Ukikosea pale juu, umekosea mpaka chini. Bega moja likipungua, mabega yote yamepungua, na mwisho wa yote ni shule nzima kuonekana imeinamia upande mmoja.

Basi alikuwa mkali wa mistari. Mafundi wa cherehani walimtania kwamba hata siku alipoposwa alitoa kwanza futi ya kupimia.

"Nilimpima kweli," aliwajibu huku macho yakiwa kwenye chaki. "Nikaona anafaa, ila mikono mirefu. Nikasema basi, nitapinda."

Kinundu kilichokuwa kwenye titi lake la kushoto alikikuta jinsi anavyokuta kasoro kwenye kitambaa, kwa vidole, macho yakiwa yanatazama kitu kingine. Alikaa nacho kwa muda bila kumwambia mtu, kama watu wengi wanavyokaa, akijidanganya kuwa kitaondoka chenyewe. Hakikuondoka. Ndipo ikaja hospitali, yakaja majibu, na lile neno saratani likasemwa mbele yake mchana kweupe na daktari aliyekuwa ameshika kalamu. Akapasuliwa, kinundu kikatolewa. Akatundikiwa dripu za dawa kali mpaka nywele zikaisha kichwani, kisha zikaanza kurudi, laini kama za mtoto mchanga. Alipodhani amemaliza, daktari akamwambia bado mionzi.

"Tumetoa kile tulichokiona," daktari alisema. "Sasa tunakwenda kuchoma kile tusichokiona, kama kipo."

"Inauma?"

"Husikii kitu, mama. Ni kama kupigwa picha."

Daktari alisema hivyo kumtuliza, lakini Bi Milimita alitoka mle ndani akiwa na hofu mara mbili. Kisu alikielewa. Sindano alizielewa. Kitu kinachochoma bila kusikika, hicho hakikuwahi kupita mikononi mwake, na hakujua angekiogopa kwa upande gani.

Siku ya kupimwa alisindikizwa na wifi yake, dada wa mumewe, muuza viatu mwenye mdomo usiopumzika. Hawa wawili walikuwa wakitaniana tangu harusi na hawakuwa na nia ya kuacha. Wifi alibaki kwenye benchi la korido, na Bi Milimita akaingia kwenye chumba chenye baridi ya friji. Akalazwa juu ya ubao mgumu, mikono yote miwili ikainuliwa juu ya kichwa akashikishwa vishikio. Akabaki hapo, kifua wazi, kovu lake likitazamana na dari.

Aliyempima alikuwa kijana mwembamba wa miwani. Wagonjwa walimwita Bwana Tulia, kwa sababu neno hilo ndilo lililomtoka mara nyingi kuliko mengine yote. "Tulia, mama. Hivyo hivyo. Tulia." Miali ya kijani ilitoka ukutani na darini ikakutana juu ya ngozi yake, na pale ilipokutana kijana akachora misalaba midogo kwa wino wa zambarau, mmoja katikati ya kifua, mwingine ubavuni, mwingine chini ya titi. Juu ya kila msalaba akabandika plasta nyembamba inayoonyesha. Bi Milimita alimwangalia mkono, maana na yeye ni mtu wa mistari. Ulikuwa mkono mzuri. Hautetemeki wala haurudii.

Daktari akaja kuzikagua alama, akagusa hewa juu ya kifua chake kwa kidole. "Mionzi inaingilia hapa pembeni, inapita kwenye titi, inatokea huku. Moyo wako uko hapa nyuma, unaona? Tunaupita kando. Ndiyo maana tunahangaika na hivi vialama."

Alieleza mengi mengine na yote yalikuwa ya kutia moyo. Lakini mgonjwa hachukui yote anayoambiwa, huchukua lile linalomng'ang'ania. Yeye aliondoka na moja tu, kwamba moyo uko pale nyuma.

Bwana Tulia naye akampa masharti yake alipokuwa anavaa. Asisugue alama. Asipake manukato ya kwapani wala mafuta ambayo hawakumpa wao. Apumzike, akae mbali na joto na jasho. "Na zikianza kufutika, mama, usizichore mwenyewe. Njoo utuambie."

"Nimesikia, mwanangu."

Na alisikia kweli. Ila, ndugu zangu, kuna maneno mtu huyasikia vizuri kabisa na bado akaona anaambiwa mwingine. Asizichore mwenyewe nani? Dereva asizichore. Muuza nyanya asizichore. Mtu aliyekula, akavaa na kusomesha watoto kwa mistari ya mkono wake, huyo hakujiona humo.

Matibabu yakaanza. Kila asubuhi ya siku ya kazi alikwenda na wifi yake, akabadili nguo, akavaa gauni la hospitali lililo wazi mbele, akakaa kwenye benchi na wenzake kungoja kuitwa. Benchi hilo lilikuwa na mwenyewe. Alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekaribia kumaliza mionzi yake, na kwa ajili hiyo alijua kila kitu, na asichokijua alikijaza. Walimwita Mwenyekiti.

"Mbona wao wanatoka mbio, sisi tunabaki?" wifi aliuliza siku ya kwanza, akiutazama mlango mnene wa chumba cha mashine unavyojifunga taratibu.

"Jiulize," alisema Mwenyekiti.

"Si najiuliza, nakuuliza wewe."

"Wanakaa nyuma ya ukuta wa zege, wanatuangalia kwenye televisheni. Sisi ndio tamthilia."

Wanawake wakacheka, na Bi Milimita akacheka nao, lakini macho hakuyatoa mlangoni. Alikuwa ameshaingia mle mara ya kwanza. Alikuwa ameshausikia mlango ukifika mwisho, ule ukimya, na sauti ya Bwana Tulia ikitoka kwenye spika ya darini kama mtu aliye mbali sana. Kichwa kikubwa cha mashine kilimzunguka polepole, kikasimama ubavuni, kikatoa mlio mrefu mkavu. Hakuna kilichomgusa. Hakuna joto. Alilala akikaza macho, akingoja maumivu ambayo hayakuja, na kwa sababu hayakuja hakujua yamekwisha lini.

Wifi alimtania njiani kurudi. "Wifi, leo usiwashe taa chumbani. Kaa tu katikati, watoto wasomee."

Alimsukuma bega, lakini jioni ile hakumbeba mjukuu wake mdogo. Alisema kiuno kinamsumbua. Siku iliyofuata alimnong'oneza Bwana Tulia, akimuuliza kama mionzi haimtoki akamwambukiza mtoto. Kijana akacheka kwa upole. "Ukizima tochi, mama, mwanga unabaki ukutani? Mbebe mjukuu wako." Akambeba, ingawa kwa siku kadhaa alimweka upande wa kulia tu.

Kwenye benchi ndipo aliposikia lile lililokuja kumponza. Mwenyekiti alikuwa anawasimulia habari ya mgonjwa mmoja ambaye, kwa maneno yake, alioga na brashi. "Alama zote zikaenda na povu. Mnajua aliambiwa nini? Rudi mwanzo. Foleni ya kupimwa upya."

Foleni ile kila mmoja aliijua. Bi Milimita alikuwa ameingoja mpaka nywele zikaota, kila siku akipapasa kifua kuona kama kuna kilichorudi.

"Na ugonjwa," Mwenyekiti akamalizia, "haukai foleni."

Maneno hayo yakaingia mahali pale palipokuwa na moyo, yakakaa.

Sasa karakanani nako kulikuwa na lake. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na aliyeshika wembe badala yake alikata makwapa ya mashati madogo kuliko mikono yake. Msimamizi akapiga simu, sauti yake tamu kama ya mtu anayeomba samahani kabla ya kukanyaga mguu. Mara moja tu, Bi Milimita. Nusu siku. Kaa tu kwenye kiti utuelekeze.

Akaenda baada ya hospitali. Kiti alikikalia muda wa kunywa chai, kisha akasimama, akavua kiatu kama alivyozoea, akashika chaki. Ndugu yangu, alijisikia vizuri. Pale mezani hakuwa mgonjwa, alikuwa Bi Milimita. Meza ya kukatia ilikuwa imepakana na sehemu ya pasi za mvuke, na feni ya upande ule ilikuwa imekufa. Mvuke ulimfunika, jasho likamshuka shingoni na kifuani, naye hakushughulika nalo. Walipomaliza, mashati yalikuwa yamekaa sawa kama askari, na msimamizi alimshika mkono kwa mikono miwili.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani akaingia bafuni kujimwagia maji. Alipovua blauzi, akaona kwenye bitana upande wa ndani doa la zambarau, umbo la msalaba, kama kitu kilichopigwa mhuri. Pembeni yake la pili. Akajitazama kwenye kioo. Plasta moja ilikuwa inaning'inia, nyingine hazikuwepo. Msalaba wa katikati ulibaki kivuli tu. Wa ubavuni ulikuwa umekwenda kabisa, na wa chini ya titi pia.

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, maji yakiwa hayajafunguliwa, na kichwani mwake ikawa sauti ya Mwenyekiti tu. Rudi mwanzo. Akajiona kwenye korido ile ya kungojea tena, miezi ikipita, na ndani ya titi kile kisichoonekana kikikaa, kikinyoosha miguu, kikiona hakuna anayekifuata. Na angesema nini? Kwamba aliambiwa apumzike akaenda kukata mashati?

Mikono ndiyo iliyotangulia, kabla akili haijakubali. Kwenye mkoba wake kulikuwa na futi na kalamu ya kuwekea alama kwenye vitambaa, wino wake zambarau vilevile. Akasimama mbele ya kioo. Akapima kutoka kwenye mfupa wa shingo, akapima kutoka kwenye kovu, akaulinganisha umbali kwa kile kivuli kilichobaki na kwa alivyokumbuka, maana macho yake yalikuwa yamezizoea alama zile kuliko sura yake. Akachora. Akasogea nyuma, akatazama, akarudi akanyoosha mkono mmoja wa msalaba uliopinda kama unywele. Kisha akakata vipande vya selotepu na kuvibandika juu.

"Wifi, umelala humo ndani?" Ilikuwa sauti ya wifi yake nje ya mlango; siku hizo za matibabu alikuwa akilala kwao.

"Naoga."

"Unaoga maji gani hayo yasiyolia?"

"Niache wifi, nimechoka."

"Haya. Ukimaliza kuoga kimyakimya, chakula kipo."

Akafungua bomba ili yalie, akayaacha yamwagike chini bila kuyagusa. Kazi aliyoiona kwenye kioo ilikuwa safi. Lakini hofu haikupungua, ilibadilika tu jina. Mezani alikaa akitafuna kitu asichojua ni nini, akikishika kijiko kwa mkono wa kulia na wa kushoto ukiwa kifuani juu ya blauzi, kama mtu anayelinda nauli sokoni. Wifi alimtazama, akamtazama tena, akadhani ni uchovu wa mionzi. Hakuuliza.

Asubuhi alikwenda hospitali akiwa ameazimia kusema. Hilo naomba lieleweke. Alipanga maneno tangu nyumbani, na alipofika kwenye benchi alikuwa bado anayo. Lakini Bwana Tulia alipita mbio na makaratasi, mashine ilikuwa imechelewa kuanza, wagonjwa walijaa mpaka wengine wamesimama, na Mwenyekiti alikuwa akisema kwamba leo hawa vijana hawana mchezo. Jina lake likaitwa. Maneno yakabaki kwenye benchi.

Akalala kwenye meza. Akafungua gauni. Akainua mikono juu ya kichwa, akashika vishikio.

Na hapo akaiona kasoro.

Aliinamisha macho bila kuinua kichwa, akauona msalaba wa ubavuni ukipanda. Ngozi ilivutwa na mkono, nayo ikauvuta msalaba. Titi, ambalo jana mbele ya kioo lilikuwa limening'inia kwa uzito wake, sasa lilikuwa limelala na kumwagikia upande, na alama alizozichora zilikuwa zimefuatana nalo. Kila mwanafunzi aliyewahi kufundishwa na Bi Milimita alikuwa ameambiwa jambo hili hili mpaka akachoka. Usimpime mtoto mkono ukiwa umening'inia tu. Akiinua mkono kujibu swali, shati lote litampanda. Yeye mwenyewe. Alikuwa amejipima akiwa amesimama, mkono chini, kisha amekuja kulala, mkono juu. Alikuwa amechora vizuri kabisa, juu ya mwili mwingine.

"Leo wino umekolea," alisema Bwana Tulia akiinama. Mwenzake, binti mwenye kilemba, alikuwa akisoma tarakimu kwa sauti.

Sema, alijiambia.

Meza ikasogea ili mwali wa kijani ukute msalaba. Aliuhisi mwendo huo kwa mgongo, akajua kwa mgongo kwamba haukuwa mwendo wa siku zote. Ukisema, foleni. Usiposema, moyo. Ukisema, kile kitu kinakua. Usiposema, unachomwa mahali pasipo pake na husikii kitu, hutasikia kamwe, mpaka siku utakayosikia.

"Tulia, mama. Tunatoka."

Viatu vikaenda. Mlango mnene ukaanza safari yake, ukafika, ukagonga kwa sauti ndogo. Mashine ikaanza kumzunguka. Kile kichwa kikubwa kilipita juu ya uso wake, kikashuka ubavuni, kikasimama. Moyo wake ulikuwa ukigonga kwa nguvu, kama unajitangaza mahali ulipo, na alifikiri kwa namna ya kichaa kwamba mashine itausikia na kuufuata.

"Tunaanza," ikasema spika.

Akauachia mkono wa kushoto kutoka kwenye kishikio, akaunyoosha juu hewani wote, vidole vimepanuka.

"Msiwashe," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Mwanangu, msiwashe."

Hakukuwa na mlio. Mlango ukafunguka polepole kama ulivyofungwa, na Bwana Tulia akaingia akikimbia kabla haujamaliza.

"Mama, unaumwa? Kifua?"

"Siumwi. Hizi alama si zenu."

"Si zetu kivipi?"

"Nimechora mimi."

Kijana alisimama. Akainama, akaikwangua selotepu kwa ukucha, akaitazama kwenye ncha ya kidole chake. Hakumwambia atulie. Aliuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Ulichora umelala au umesimama?"

"Nimesimama."

"Ndiyo," alisema. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena, na Bi Milimita aliona kwamba ule mkono mzuri, usiotetemeka wala kurudia, ulikuwa unatetemeka. Hapo ndipo alipoogopa kuliko wakati wote tangu siku ya kinundu. Kama angegombezwa ingekuwa nafuu. Mtu anayeijua mashine ile alikuwa ameogopa.

Daktari akaitwa. Wakampiga picha palepale mezani, wakaleta vipimo vya siku ya kwanza, wakavilinganisha. Alifunikwa shuka, akawa amelala akisikiliza watu wakisemezana juu yake kwa sauti za chini. Mwishowe daktari akamwinamia, akaonyesha vidole viwili vilivyobanana.

"Alama yako ya pembeni imesogea hivi, kuelekea katikati."

"Katikati kuna nini?"

"Unajua, mama."

"Niambie tu."

"Kuna pafu. Na moyo." Daktari akashusha vidole. "Mashine haikuwashwa. Hakuna kilichokugusa leo. Siku zilizopita zote zilikuwa na alama zetu, ziko sawa."

"Mngeona wenyewe?"

Bwana Tulia ndiye aliyejibu. "Picha ya kuhakiki huwa tunapiga mara moja kwa wiki. Leo haikuwa siku yake. Ningeona wino, ningeona plasta imebandikwa, ningeona mwanga umekaa kwenye msalaba. Msalaba ulikuwa mzuri, mama." Akaitazama tena ile selotepu. "Ulikuwa mzuri mno."

Bi Milimita akauliza lile lililomleta mpaka hapo. "Sasa narudi foleni?"

"Foleni gani?"

"Ya kupimwa upya. Toka mwanzo."

Daktari na kijana wakatazamana. "Nani kakwambia hivyo? Vipimo vyako tunavyo. Tunakuchora upya leo hii, kesho unaendelea. Hii siku ya leo utaifidia mwishoni, basi."

Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, maana alikuwa chali na mikono juu, hana cha kuyafutia. Si kwamba alifarijika. Alikuwa ameona ukubwa wa kitu alichotaka kukitoa, na udogo wa kile alichokuwa akikinunua. Foleni yenyewe haikuwepo.

Walimchora upya. Safari hii alifumba macho na hakuuangalia mkono wa mtu.

Alipotoka, wifi alisogea kumpisha kwenye benchi, akaanza kusema kitu cha kuchekesha, akauona uso wake, akakiacha. Bi Milimita akamwambia yote, kuanzia kwenye mvuke mpaka kwenye vidole viwili vya daktari. Hakujitetea. Mwenyekiti aliyekuwa karibu alisikiliza mpaka mwisho, akakuta kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa, akainama nayo muda mrefu.

Wifi akamchukulia mkoba, wakatembea mpaka getini.

"Mimi nilikuwa nje ya mlango," wifi akasema walipofika. "Nakutania habari za maji. Wewe uko ndani unajipima na futi."

"Sikutaka mjue."

"Ningekwenda kumwambia nini kaka yangu? Kwamba mkeo alikuwa anaoga?" Akamshika kiwiko. "Usinifanyie hivyo tena, wifi. Nigombeze, nitukane, nifukuze. Lakini usinijibu naoga."

"Sitakujibu hivyo."

"Na karakana?"

"Waambie mashati yao wayakate wenyewe."

"Niwaambie mimi?"

"Wewe ndiye mwenye mdomo."

Wifi alipiga simu palepale getini, magari yakipita, na msimamizi alisikia maneno ambayo hatayasahau karibuni, mengine yakiwa hayahusiani kabisa na mashati.

Kesho yake wakarudi. Benchi, gauni, mlango. Bi Milimita alilala, akainua mikono, akashika vishikio. Bwana Tulia aliinama juu yake na yule binti wa kilemba akasoma tarakimu.

"Mama, leo alama ni zetu?"

"Ni zenu."

"Zote?"

"Zote, mwanangu. Angalia, zimepinda kidogo."

Kijana alitabasamu kwa mdomo tu. Macho yake yalirudi kwenye misalaba mara moja, na tena mara moja. Meza ikasogea kidogo, mwendo ule ambao mgongo wake uliujua. Viatu vikatoka. Mlango ukaenda mpaka mwisho wake.

Aliogopa. Asikudanganye mtu kwamba hakuogopa. Aliogopa mashine ilipoanza kumzunguka, aliogopa kile kinachochoma bila kusikika, aliogopa ile chembe moja ambayo pengine imejibanza mahali na mionzi isiikute, na ambayo hakuna daktari wala mpimaji angeweza kumhakikishia kuwa haipo. Hofu hiyo ilikuwa imelala naye pale juu ya ubao mgumu, kubwa kama jana. Ila leo hakuwa na neno alilomficha mtu yeyote.

"Tunaanza, mama," ikasema spika.

"Anzeni."

Mlio mkavu ukaanza ubavuni mwake, akaubana mkono wa kushoto kwenye kishikio, akabaki hapo, akipumua kidogo kidogo, mpaka ulipokatika.